Bamvua ikijaa, msiwarushe ndege wa Sabaki

Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumapili mliweka picha kubwa ya heroe (flamingo) wa mlango wa mto Sabaki wakiwa hewani, mabawa yamefunguka yote, wekundu na weusi wake unaonekana vizuri. Nyumbani kwangu gazeti lilipita mkono hata mkono. Maelezo ya chini yalisema ndege hao walikuwa wakicheza kufurahia jioni. Naomba nafasi niseme kwamba hawakuwa wakicheza. Tazameni kona ya chini ya picha hiyohiyo, upande wa kushoto: kuna alama ya gurudumu la pikipiki kwenye mchanga mbichi, na mbele yake kivuli cha mtu aliyeinua mkono wenye simu. Heroe aliyetulia huwa ameinamisha kichwa, mdomo umepinduka ndani ya maji ya tope, anachuja chakula chake. Akiona jambo huinua shingo. Mwenzake naye huinua. Kisha kundi zima linaanza kutembea upande mmoja kwa hatua za harakaharaka. Kinachofuata hapo ndicho mlichokichapisha.

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Abiria wangu ni watu wa sokoni, wagonjwa na wanafunzi, lakini kwa miaka mingi nimebeba pia wale wenye darubini shingoni, wanaotaka kupelekwa Sabaki kabla jua halijawa kali. Zamani nikiwashusha nilikuwa nikilala kiti cha nyuma hadi warudi. Mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi hakupendezwa na hilo. Aliniambia nimekaa mlangoni pa nyumba yenye sherehe na sijachungulia ndani, akanivisha darubini yake ya akiba. Kitu cha kwanza nilichokiona kwa karibu kilikuwa jicho la shakwe. Nilidhani naijua pwani hii.

Kwa wasiofika, niwaeleze. Mto huu hushuka kutoka milima ya karibu na Nairobi ukiitwa Athi, huko Tsavo unaitwa Galana, na ukitufikia sisi ni Sabaki. Ni safari ya kilomita kama 390, na njiani unakusanya udongo wa watu wote. Ndiyo maana masika ikipiga, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa na wageni wa hotelini wanalalamika kwamba waliahidiwa maji ya buluu. Udongo huo ukifika mlangoni unakutana na bahari, unatua, na kufanya uwanda wa tope. Kando ya tope kuna mikoko, kuna matuta ya mchanga, kuna nyasi fupi, na mbele kabisa kuna fungu la mchanga linalohamahama. Ulilolikanyaga mwaka jana huenda mwaka huu ni mkondo. Ng'ambo ya pili ni njia ya Mamburui. (Hayo ya udongo kuwa mwingi kupita kiasi, na mashamba ya huko juu, yanastahili barua yake peke yake. Leo siyagusi.)

Maji yakipwa, tope linaachwa wazi na ndege wanashuka kula. Hapo ndipo penye raha ya kutazama, kwa maana kila mmoja ana kazi yake. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama upinde, huenda shimo hadi shimo akivuta kaa. Akimpata humtikisa mpaka magando yatoke, ndipo ammeze. Vitwitwi wadogo hukimbia, husimama, hudonoa, hukimbia tena, wakifuata vidudu vya juu ya tope. Wengine, wakubwa kidogo, wenye midomo iliyoinama nchani, huchoma tope kama cherehani hata huoni kichwa kikitulia. Yangeyange anasimama majini akingoja visamaki. Mbali kabisa, mwari wamekaa kimya, na wavuvi wa kamba wanapita katikati yao na kimia begani. Ndege hawawajali wavuvi. Mvuvi anatembea polepole, anaelekea kwake, haangalii mtu. Ndege wanamsoma kwa mbali na kuendelea kula. Nasema hivi kwa sababu kila yanapozungumzwa mambo ya kulinda ndege, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mvuvi, na mimi kwa macho yangu sijaona kundi la heroe likirushwa na mtu mwenye kimia.

Maji yakijaa mambo yanageuka. Tope lote linafunikwa. Ndege hawa wa miguu mirefu si wa kuogelea kama bata, na wengi hawakai mikokoni, kwa kuwa wanataka mahali peupe ambapo adui ataonekana akiwa bado mbali. Kwa hiyo wote, waliokuwa wametawanyika kilomita na kilomita za tope, hujikusanya juu ya lile fungu la mchanga. Shakwe na wale ndugu zao wadogo wenye mikia ya panda wanasimama safu kwa safu, vitwitwi wanajibana mbele yao, wote wameelekeza midomo kwenye upepo. Wengine wanalala kwa mguu mmoja. Ni saa mbili tatu za kupumzika na kusaga chakula, kisha maji yanatoka na kazi inaanza upya, iwe mchana iwe usiku.

Sasa, Mhariri, nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Pwani yetu ina utaratibu ambao kila mvuvi anaujua bila saa ya mkononi. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua. Hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa sana mnamo saa kumi au kumi na moja, ya alfajiri na ya jioni. Baina ya kupwa na kujaa, tofauti yaweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hayapwi sana wala hayajai sana, na saa zake zimegeuka, kujaa kwake huwa kwenye saa nne za asubuhi, wakati watu wako kazini na shuleni.

Basi saa kumi na moja ya jioni ya bamvua ni saa gani kwetu binadamu? Alasiri imeswaliwa, jua limepoa, mwanga umekuwa wa dhahabu, watoto wameogeshwa wanataka kutembezwa. Ni saa ya picha. Wakati uleule fungu limekuwa dogo kuliko siku zote, na ndege wote wa mto wako juu yake, hawana pengine pa kwenda. Mtu mmoja akilikimbilia na simu, au kijana akilizunguka na pikipiki ili mwenzake arekodi, amewarusha wote kwa mkupuo. Wanazunguka hewani, wanatua, wanarushwa tena. Nimeshuhudia jioni ambayo hawakuachwa watue mpaka giza lilipoingia.

Na tazameni kalenda. Idi ya kufungua inaamuliwa na mwezi kuandama, kwa hiyo Idi haikosi bamvua. Pasaka ya Wakristo huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo nayo mara nyingi huangukia bamvua au mkiani mwake. Siku zetu za kutoka na familia kwenda ufukweni ndizo siku ambazo ndege hawana nafasi. Hakuna aliyepanga hivyo, ni mwezi tu. Tena kwa miaka hii Idi imekuwa ikianguka Machi, ya mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa mwezi huo, na bamvua za Machi ni miongoni mwa kubwa za mwaka mzima.

Machi si mwezi wa mchezo kwa ndege hawa. Vitwitwi wengi mnaowaona si wa hapa. Wamezaliwa nchi za baridi za kaskazini kabisa mwa dunia, wengine Siberia, na wako hapa tangu Septemba. Kufikia mwisho wa Aprili waliokomaa karibu wote wameondoka kurudi kutaga. Wale wa aina ndogo kabisa uzito wao ni gramu kama 25, kama vijiko viwili vikubwa vya sukari. Kabla ya kuondoka hula mpaka wanaongeza nusu ya uzito wao au zaidi, yote ni mafuta ya safari. Mimi najua nikitoka Malindi kwenda Garsen tangi likiwa nusu nitalala njiani. Kitwitwi aliyerushwa jioni tatu za bamvua za Machi ametumia alichokusanya, na mbele yake hakuna kituo cha petroli karibu.

Heroe nao wana hadithi yao. Si wenyeji wa kudumu. Huja na huondoka kufuatana na hali ya maziwa ya magadi ya bara, na wale wa aina ndogo, katika Afrika Mashariki yote, wanategemea hasa Ziwa Natron la Tanzania kwa kuzaa. Mwaka mwingine wanajaa Sabaki, mwaka mwingine unawatafuta kwa darubini. Kwa hiyo anayesema "hata tukiwarusha watarudi kesho" asiwe na uhakika sana. Wao wana pengine pa kwenda. Sisi ndio tutakaobaki na tope.

Kusi, ule upepo wa kusini, likianza, watu hudhani ndege wamekwisha. Wanaokuja wakati huo ni wageni wa kusini. Kuna ndege mmoja wa rangi ya udongo, mwenye mabawa marefu yaliyochongoka kama ya mbayuwayu, anayezaa Bukini (Madagaska) na kuja kwetu kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Mchana hukaa mchangani makundi kwa makundi, na kwa rangi yake unaweza kumkanyaga hujamwona; akiruka hukamata wadudu hewani. Watazamaji ndege hutoka nchi za mbali kuja kumwona huyu hapa Sabaki, kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pachache anapopatikana kwa wingi nje ya kisiwa chake. Nimembeba mzee mmoja Mwingereza aliyelala kifudifudi kwenye nyasi asubuhi nzima akimngoja ndege mwingine tena, mdogo, wa kahawia, asiye na la kujivunia ila jina: katika jina lake la kitaalamu umetajwa mji wetu wa Malindi. Anaishi kwenye nyasi za pwani ya Kenya na Somalia basi. Mzee yule alinilipa siku nzima, akanunua nazi na mahamri, na hakurusha hata mmoja.

Lakini nisiwapake watu wa darubini mafuta. Wamo wanaoniambia, "Piga makofi kidogo waruke, nione chini ya bawa." Wanataka kutia alama kwenye daftari lao. Mimi hukataa, na kuna waliokasirika wakaninyima bakshishi. Mtu mwenye darubini ya bei ya tuktuk yangu nzima anayerusha ndege ili ahakikishe aina yake hana tofauti na kijana wa pikipiki; tena kijana ana udhuru, hajaambiwa.

Nao vijana nimekaa nao. Mtoto wa jirani yangu anarekodi video na kuzitia mtandaoni, na ndiyo riziki anayoitegemea, siidharau. Nilipomsemesha alinijibu, "Mjomba, ndege akisimama tu nani atamtazama?" Nikamchukua Sabaki maji yakiwa yanapwa, tukakaa kwenye tuta. Alirekodi sululu akipigana na kaa. Kaa alimshika mdomo, sululu akarudi nyuma, akatikisa, kaa akaanguka, wakatazamana, wakaanza tena. Tulicheka mpaka machozi. Nasema kweli, video ile haikupata watazamaji kama za heroe wanaoruka, na aliniambia hivyo bila kuficha. Lakini kwenye bamvua harushi tena. Droni alikuwa nayo rafiki yake. Hiyo nilimwambia tu kwamba Kenya huwezi kuirusha bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na habari zikaishia hapo.

Kuna watakaouliza, ndege wa kazi gani, wakati barabara zetu hazipitiki. Barabara naijua kuliko wengi, naendesha juu yake. Ila mlango wa Sabaki umo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege ya dunia, na kila Januari wapo watu wanaokuja kuhesabu ndege wa maji, kazi ambayo Makumbusho ya Taifa na wenzao wamekuwa wakiifanya nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanaohesabu ni watu wa kujitolea, na baadhi ni vijana wa vijiji vya hapahapa. Kule Mida, karibu na Watamu, kuna daraja la mbao la kuning'inia juu ya mikoko na banda la kutazamia mwishoni, mgeni anatoa ada kidogo, anatazama, ndege hawajui kama kuna mtu. Sisi Sabaki hatuna hata kibao.

Ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji kikao cha hotelini chenye chupa za maji mezani. Kaunti, au BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo), au yeyote mwenye mbao mbili na rangi, aweke kibao pale njia inapotokea kwenye matuta. Kiandikwe kwa Kiswahili na Kigiriama: siku za bamvua, kuanzia saa tisa alasiri, usivuke kwenda fungu la mchanga, tazama ukiwa kwenye matuta. Pikipiki ziishie njiani. Tarehe za bamvua hazihitaji mtaalamu kutoka mbali, muulizeni mvuvi yeyote. Wakati wa Idi na Pasaka wawekwe vijana wawili watatu wa kikundi, wenye darubini, wawaonyeshe watoto ndege badala ya kuwafokea. Mtoto akishatia jicho kwenye darubini hana tena haja ya kurusha jiwe; hilo nimeliona kwa wanangu.

Nanyi wa gazeti, mna picha nyingi zinazoletwa mezani. Mkiletewa ya kundi zima liko hewani, muulizeni aliyeipiga kilichowarusha. Wakati mwingine ni furukombe au kipanga amepita, na hiyo ni haki yake. Ikiwa ni mpiga picha mwenyewe, msimlipe.

Kwa msomaji anayetaka kuja, siku ya bamvua fika mnamo saa nane mchana, maji yakiwa yanapanda. Tafuta kijana wa kijiji akuongoze, maana njia za matuta hubadilika. Vaa nguo zisizong'aa, keti chini, nyamaza. Maji yenyewe yatawasukuma ndege kuja upande wako, hatua kwa hatua, mpaka utaona vidole vya kitwitwi bila darubini. Ukiona shingo za heroe zimeinuka zote, wewe ndiye uliyesogea mno, rudi nyuma. Lete maji ya kunywa na kofia. Ondoka kabla ya magharibi, upitie kwenye matuta na si kando ya matete. Viboko hutoka matetani jioni kwenda malishoni, na wao hawasukumwi na maji wala na mtu.

Ni mimi, dereva wa tuktuk,
Malindi